Kuwapeleka mama wawili Ulaya kwa harusi: miji mitatu, wiki mbili, budget ndogo

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Nimesoma humu miaka mingi bila kuandika neno. Leo nalipa kwa kusimulia la kwangu. Sina agence ya safari, sina link ya kuwauzia. Nimebadilisha majina ya watu, mengine yote nayaweka kama yalivyotokea.

Mimi ni mwanamke, naishi Bunia, Ituri. Nauza dawa kwenye famasi. Kiswahili chetu mnakijua, kwa hiyo nitajitahidi kuandika cha kwenu, ila wamama wakiongea nitawaacha waongee cha kwetu.

Uzi huu ni kuhusu kupanga safari ya miji kadhaa ya Ulaya kwa siku chache na pesa kidogo. Nyuzi za hivyo zipo nyingi humu na nimezisoma karibu zote kabla ya kuondoka. Zilinisaidia. Kuna jambo moja tu ambalo sikulikuta kwenye uzi wowote, na ndilo lililonifanya niandike.

Turudi nyuma kidogo.

Kaka yangu Justin aliondoka Bunia akiwa kijana. Sasa yuko Lille, kaskazini mwa Ufaransa, anafanya kazi kwenye ghala. Huko alikutana na Espérance, mtoto wa Bunia vilevile. Wakapendana, wakaamua kuoana.

Espérance ni wa upande ule.

Sitaandika majina ya makabila. Wa Ituri mmeshaelewa, na ninyi wa mbali hamtapoteza kitu. Jueni tu kwamba kulikuwa na vita, watu wetu na watu wao wakauana, na sasa mji umetulia, lakini kabla ya kushika barabara ya kwenda kijijini unauliza kwanza kama leo inapitika. Sokoni tunauziana. Kanisani tunakaa benchi moja. Nyumbani kwao hatuingii, na kwetu hawaingii.

Baba yetu aliuawa wakati huo. Kwa mama yake Espérance waliuawa mume na mtoto wa kiume wa kwanza.

Justin alipopiga simu kusema anaoa, Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia," akanirudishia simu.  Kesho yake akaniuliza kama Ulaya kuna baridi mwezi ule. Hapo nikajua atakwenda.

Basi nikaanza kupanga.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa wa aibu. Brussels, Amsterdam, Cologne, Paris, Lourdes, Roma, Lille. Yote ndani ya wiki mbili, na mama wa miaka sitini na kitu mwenye magoti mabovu. Kwenye ramani ya simu kila kitu kilionekana jirani.

Kuna mkuu mmoja humu aliwahi kuandika kwamba kila mara unapohama mji unapoteza nusu siku, hata kama safari yenyewe ni ya saa mbili. Kufunga mizigo, kutoka hotelini, kutafuta stesheni, kusubiri, kufika, kutafuta unapolala. Nilikaa nikahesabu nusu siku zangu, nikaona nitakuwa barabarani tu, na harusi nitaipita njiani.

Nikaanza kukata. Roma ikaenda. Amsterdam ikaenda. Lourdes iliniuma, maana Mama ni Mkatoliki wa kweli na alikuwa ameshawaambia wenzake wa jumuiya. Nilimwonyesha umbali. Akatazama ile ramani, akasema, "Bikira ananisikia hata hapa. Ondosha."

Ikabaki Brussels, kwa sababu ndege inatua pale na mdogo wake Mama, Tantine Béa, anaishi pale, kwa hiyo malazi ni bure. Ikabaki Cologne, Ujerumani, kwa sababu mjomba wa Espérance yuko huko, Muzee Gédéon, kaka mkubwa wa mama yake. Kwao msichana haolewi bila neno la mjomba, na yeye alikuwa ameshasema haendi Lille. Ikabaki Lille yenyewe. Na siku moja ya Paris, kutoka Lille asubuhi na kurudi jioni, ili Mama awe na kitu cha kusimulia.

Miji mitatu iliyo karibu karibu, mabasi ya bei nafuu, tiketi zilizonunuliwa mapema. Nilijiona nimekuwa mtaalamu.

(Kwa mtakaouliza viza: dossier, yaani makaratasi ya maombi, inapelekwa kwa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi, si lazima ile ndege inapotua. Kwetu ilikuwa Ufaransa. Tulikwenda Kinshasa mara moja na kubaki huko kwa ndugu mpaka pasipoti zikatoka, maana kurudi Bunia na kwenda tena kungemaliza budget kabla hatujaiona Ulaya.)

Mimi nilitakiwa kusafiri na Mama tu. Mama Espérance, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, kwa jina la mtoto, alikuwa aje na mwanawe wa kiume aliyebaki.

Viza ya kijana ikakataliwa. Ya mama ikatoka.

Justin akanipigia. "Claudine, Kifaransa hajui. Ulaya hajawahi kufika. Umuchukue."

Nikamwambia Mama. Mama alikuwa anapasi. Hakuinua kichwa. "Ndege ni ya kila mutu," akasema.

Ndivyo nilivyojikuta kwenye ndege katikati ya wamama wawili wasiosemeshana. Nilikaa kiti cha kati. Mmoja akitaka maji, ananiambia mimi. Mwingine akitaka kupita kwenda chooni, ananiambia mimi nimwambie mwenzake. Walikuwa na adabu sana, wote wawili. Adabu ile ilinichosha kuliko ugomvi.

Tukafika Brussels. Tantine Béa alitupokea mlangoni kwa furaha, akamkumbatia Mama, "Yaya, Yaya," yaani dada mkubwa, machozi yanamtoka, hawajaonana tangu vita. Chai ikaja, maandazi yakaja. Mama Espérance alikaa ukingoni mwa kochi na mkoba magotini, hajavua koti.

Tantine akaniita jikoni.

"Ule mama ni wa wapi?"

Nikamwambia.

Akaweka kijiko chini. "Uliniambia unakuja na mama ya bibi-arusi. Hukuniambia ni wa kule."

"Tantine, nilijua Justin alikuambia."

"Justin aliniambia bibi yake ni wa Bunia. Bunia iko na batu bengi."

Wakuu, msimhukumu haraka. Tantine ni mtu mwema. Nyumba yake ilichomwa akiwa ndani na watoto, wakatokea dirishani. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Siko na chuki naye. Hakunifanya kitu. Lakini nikimusikia anaongea mu nyumba yangu, usingizi itaisha tena, na miye nilitafuta ile usingizi miaka mingi. Umupeleke kwengine."

Nyumba za kule ni ndogo. Jikoni na sebuleni ni hatua chache. Nilipotoka nikaona wote wamesikia.

Mama Espérance alikuwa ameshasimama. "Claudine, mutoto yangu, unitafutie tu mahali. Kitanda moja inatosha. Miye niko sawa."

Nikamtazama Mama. Alikuwa anamalizia chai yake taratibu kana kwamba hakuna haraka duniani. Akaweka kikombe.

"Béa, lete koti yangu."

"Yaya, weye ubaki! Kitanda yako nimeshatandika."

"Ule mama alitoka kwake na siye. Tukimuacha peke yake mu mji ya bazungu hajue hata kuuliza njia, batasema nini kule? Lete koti."

Hakusema kwa upendo. Nataka mwelewe hilo. Alisema kwa hasira, na kwenye lifti hakumtazama mwenzake hata kidogo.

Nikatafuta hoteli kwa simu, nimesimama barabarani, vidole vimekufa ganzi. Kilichopatikana kwa pesa yetu ni chumba kimoja karibu na stesheni ya mabasi. Kitanda kimoja kikubwa, kimoja kidogo. Malipo yalitoka kwenye fungu la Paris. Paris ikafia pale, sikuwahi kuiona mpaka leo.

Chumbani Mama Espérance akachukua blanketi na kuanza kulitandika chini.

"Toka pale chini," Mama akasema. "Hapa hatuko mu kambi ya bakimbizi."

Wakalala kitanda kikubwa, mmoja anatazama ukuta, mwingine anatazama dirisha. Katikati yao angeweza kulala mtu wa tatu.

Alfajiri niliamshwa na sauti. Mama Espérance ni Mprotestanti, anasali kwa sauti, kwa lugha ya kwao. Alikuwa amepiga magoti upande wake wa kitanda. Sielewi lugha ile vizuri, lakini majina hayana lugha. Alimtaja Espérance. Akamtaja Justin, kaka yangu. Halafu majina mawili ya kiume, ambayo aliyarudia na kuyarudia, na sauti yake hapo ikashuka.

Mama alikuwa macho. Alilala chali, rozari mkononi, hasogei. Aliyasikia yale majina kama nilivyoyasikia mimi.

Asubuhi tukinywa kahawa ya mashine pale chini, Mama aliuliza, akitazama kikombe chake, "Mutoto alikuwa na miaka ngapi?"

Mwenzake hakuuliza mtoto gani. "Alikuwa anamaliza sekondari."

"Ee," Mama akasema.

Ni hayo tu. Lakini tangu siku ile hawakunipitishia tena maneno. Wakitaka maji waliambiana wenyewe.

Tukapanda basi kwenda Cologne.

Muzee Gédéon alitupokea vizuri. Mke wake alipika fufu na samaki, tukala tukashiba. Baada ya chakula akawatoa wajukuu sebuleni. Akamgeukia Mama.

"Mama Justin, weye ulipoteza nani?"

"Bwana yangu."

"Mulimuzika?"

"Tulimuzika."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Siye, bwana ya dada yangu na mutoto wake, hatujue pahali balilala. Mupaka leo. Sasa miye nitanyoosha mukono juu ya hii ndoa niseme nini?"

Nilitaka kuongea. Mama akanishika goti.

"Muzee, sikukuja kukuomba neno," akasema. "Neno ni yako. Nilikuja ju unione sura. Siku utasikia bale batoto balizaa, ujue nyanya yabo ni mutu gani. Usimufikirie tu mu kichwa."

Muzee akamtazama Mama usoni. 

"Nimekuona," muzee akasema.

Basi. Hakubariki. Alisema hataenda Lille na hakuenda. Lakini alivaa kofia yake akatusindikiza mpaka kituo cha tram, na ilipokuja alimshika Mama kiwiko apande, maana ngazi ilikuwa juu kidogo na magoti ya Mama aliyaona.

Ndani ya tram Mama Espérance alikaa akitazama nje. "Basi mu ndoa nitaingia peke yangu," akasema. Sikujua anamwambia nani.

Cologne kuna kanisa kubwa sana jirani kabisa na stesheni, wakuu, ukitoka tu unaliona linazuia anga. Tulikuwa na muda kabla ya basi. Mama akaomba tuingie. Mama Espérance akakaa benchi la nyuma, mambo ya mishumaa si yake. Mama akawasha mshumaa mmoja, nikajua ni wa Baba. Akatia sarafu tena, akawasha wa pili. Akasimama mbele yake kitambo.

Tulipotoka Mama Espérance alinivuta pembeni. "Ile ya pili ni ya nani?"

Nikamwambia sijui. Na kweli sijui. Mama hajaniambia mpaka leo na mimi sijauliza.

Tukarudi Brussels, hoteli ile ile tulikoacha mizigo, tukapumzika siku nzima, kesho yake tukaingia Lille.

Ndoa ilikuwa mairie, yaani ofisi ya meya, Jumamosi. Kama hamjaona, ni ukumbi wa ofisi, viti vimepangwa pande mbili na njia katikati. Upande wa Justin ulijaa. Wenzake wa kazini, marafiki wa kanisa, watu wetu walio Lille. Tantine Béa naye alikuja kutoka Brussels, akakaa mstari wa mwisho, na aliondoka kabla ya chakula.

Upande wa Espérance alikaa mama yake mstari wa mbele, na nyuma yake wasichana wawili waliosoma na Espérance. Viti vingine vilikuwa vitupu. Kaka hayupo, mjomba hayupo. Watu wa upande wao wanaoishi Lille walialikwa. Hawakuja.

Nilikuwa nimekaa karibu na Mama. Akainama sikioni kwangu.

"Ule pale uko na nani?"

"Hana mtu, Mama."

"Enda ukae kule."

"Mama, mimi ni dada ya bwana-arusi."

"Najua niliyemuzaa. Miye niko na batu. Enda."

Nikavuka ile njia ya katikati na watu wote wananitazama.  Nikakaa kiti cha pembeni ya Mama Espérance.  Akanipa mkoba wake nimshikie, kama mama anavyompa binti yake, akanyoosha kitenge chake, akainua kichwa.

Baadaye mpiga picha alikuja kuuliza nani ni nani, apange watu. Alipofika kwangu, Mama Espérance akanishika mkono akamwambia kwa Kiswahili, mtu ambaye hakielewi, "Uyu wangu."

Ikabidi nimtafsirie. 

Sasa mafunzo, maana najua wengine mmekuja kwa ajili ya hayo.

Punguza miji mpaka uone aibu, halafu punguza mmoja tena. Chagua iliyo karibu karibu. Weka siku isiyo na kazi katikati, sisi ndiyo iliyotuokoa. Ukisafiri na wazazi, mwendo wako ni wa magoti yao. Weka akiba ya malazi hata kama kuna ndugu wa kukupokea.

Na ukifikia kwa ndugu, usimwulize tu "una nafasi ya watu wangapi." Mtajie kila mtu anayekuja, jina na kwao. Mwachie nafasi ya kukataa kwenye simu, kabla mgeni hajakaa kwenye kochi lake. Hili ndilo sikulikuta kwenye uzi wowote.

Mnaweza kuuliza, je, sasa wamekuwa marafiki?

Hapana. Kwenye uwanja wa ndege wa Bunia kila mmoja alichukuliwa na watu wake. Walipeana mkono, basi. Watu wa kwetu walimwuliza Mama maswali ya kuuma, na najua kule kwao ilikuwa hivyo hivyo. Mama hajaingia kwao. Mama Espérance hajaingia kwetu. Wakikutana sokoni wanasalimiana kwa kichwa.

Lakini juzi asubuhi tulisikia masasi, yaani risasi, mbali, upande wa kaskazini. Mnajua mnavyonyamaza nyumba nzima mkihesabu kama yanakaribia. Simu ya Mama ikalia, ni Mama Espérance, na sauti yake niliisikia pale niliposimama.

"Mama Justin, muko bote mu nyumba?"

"Tuko bote. Na weye?"

"Siye pia tuko."

Wakakaa kimya kwenye laini, wote wawili, wanasikiliza masasi yale yale kutoka pande mbili za mji. Nilikuwa nimesimama pale nikiona dakika zinakwenda. Hakuna aliyekata.

Mpaka yakanyamaza.

"Haya," Mama akasema. "Upike sasa, batoto bale."

Wakuu, sina zaidi. Espérance ana mimba, na wamama wote wawili wameshaniuliza kila mmoja kwa wakati wake, bila kumtaja mwenzake, kama viza ya pili ni ngumu kama ya kwanza. Aliyewahi kuwaombea wazazi mara ya pili aniandikie hapa chini ilikuwaje. Na ninyi mnaoishi na amani ya namna hii huko kwenu, nanyi andikeni. Nitasoma yote.